Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Kwanza Baada ya Kimya Kirefu

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Manyoni na Mpwapwa zimekutana kwenye jambo moja bila sisi kulipanga: wimbo ambao bendi ya roki nzito huutanguliza inaporejea baada ya kukaa miaka mingi bila kutoa kazi mpya. Tumezifupisha bila kubadilisha maana, na kwa kuwa waandishi kadhaa wameomba majina yao yasitajwe, tumeyaacha yote.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Chumbani tunabishana kuhusu bendi ya Tool ya Marekani. Mwenzangu anasema kukaa kimya miaka 13, kisha kurudi na wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 10, ni kuwadharau mashabiki. Mimi nasema ni ujasiri. Nani kati yetu yuko sahihi, na kwa nini walikawia kiasi hicho?*

Marahaba. Nitakuunga mkono wewe, ingawa mwenzako naye ana hoja ambayo pengine hakuifikia.

Tuanze na kukawia. Albamu ya Tool iitwayo 10,000 Days ilitoka mwaka 2006, na singo (wimbo unaotolewa peke yake) ya Fear Inoculum ikatoka tarehe 7 Agosti 2019, ikifuatiwa na albamu yenye jina hilohilo tarehe 30 ya mwezi huo. Katikati hapo wanamuziki hawa hawakuwa wamelala. Bendi iliendelea kuzunguka na kufanya maonyesho, na mwimbaji wake, Maynard James Keenan, alikuwa na bendi nyingine mbili, A Perfect Circle na Puscifer, mbali ya kwamba huko Arizona analima zabibu na kutengeneza mvinyo, shughuli ambayo wakulima wa Dodoma wanajua kuwa haimwachii mtu nafasi ya kuzurura. Juu ya hayo kulikuwa na mgogoro wa kisheria uliohusu bima, ambao uliwala miaka kadhaa hadi ulipomalizika mwaka 2015. Hata hivyo, kwa maoni yangu sababu kubwa zaidi ni namna wanavyotunga. Mpiga gitaa Adam Jones, mpiga besi Justin Chancellor na mpiga dramu Danny Carey huujenga muziki wote kwanza, wakibishana juu ya kila kipande mpaka waridhike, na Keenan huandika maneno baada ya muziki kusimama. Bendi ambayo kila mmoja ana haki ya kusema hapana haiwezi kuwa na haraka.

Sasa wimbo wenyewe. Usikilize kwa hedifoni, kwa sababu spika ya simu itakunyima nusu yake. Hauanzi na gitaa zito. Unaanza na sauti zinazoelea, kisha ngoma ndogo za Carey zinazolia kama tabla za Kihindi, besi ikijipenyeza chini yake, na sauti ya Keenan haisikiki mpaka dakika ya kwanza imekwisha kupita. Hata anapoingia hapayuki; anaimba kwa utulivu wa mtu anayesoma shauri. Uzito wa gitaa ambao mashabiki waliungoja tangu 2006 unaletwa kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote limewekwa karibu na mwisho, pale ambapo msikilizaji asiye na subira atakuwa amekwisha kuondoka.

Mwenzako anaiita hiyo dharau. Mimi ninaona kwamba mtu aliyengoja miaka 13 ana shaka moja kubwa kuliko zote, nayo ni kama watu hawa bado wanapiga pamoja au wamekusanywa tu ili jina liuzwe. Wimbo wa dakika 3 hauwezi kuiondoa shaka hiyo, kwa kuwa prodyuza hodari anaweza kuunganisha vipande vya watu ambao hawajaonana hata siku moja studioni. Dakika 10 za wapigaji wanaopeana nafasi, wanaobadilisha mapigo bila kugongana na wanaopandisha nguvu hatua kwa hatua ni jambo gumu zaidi kughushi. Singo hiyo iliingia katika Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, kwenye nafasi ya 93, ikawa wimbo wa kwanza wa zaidi ya dakika 10 kufika humo, na rekodi hiyo ya urefu ikadumu hadi mwaka 2023 ilipovunjwa na rapa André 3000 kwa kipande cha filimbi cha zaidi ya dakika 12. Nafasi ya 93 si ushindi wa kutembea kifua mbele, lakini kwa wimbo ambao redio nyingi zisingeweza kuupiga wote kati ya matangazo mawili ya biashara, ni jambo la kustaajabisha.

Hoja ambayo mwenzako angeweza kuitumia ni ya biashara. Tarehe 2 Agosti 2019, siku chache tu kabla ya singo, albamu za zamani za Tool ziliwekwa kwa mara ya kwanza kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni, baada ya bendi kugoma kwa miaka mingi. Hivyo wimbo mpya uliwakuta watu masikio yakiwa tayari yamejaa kazi za zamani. Albamu nayo ilitoka kwanza katika toleo la CD lenye kioo kidogo cha video na spika yake, kitu cha kuchajiwa kama simu, kwa bei iliyowashinda wengi. Hapo angelalamika, ningemwelewa.

*Mimi ni fundi redio, soko la Majengo, Dodoma. Kijana ninayemfundisha kazi ananisumbua nisikilize huo wimbo mrefu wa Tool, lakini bando langu ni la kubana matumizi. Utanila kiasi gani?*

Ukiusikiliza kwa sauti tupu kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika 10 zitakula takriban megabaiti 10. Ukiufungua kama video, matumizi yanaweza kuwa mara kadhaa ya hapo kulingana na ubora uliochaguliwa, na hata picha ikiwa ni ya jalada lililosimama tu, bado utalipia picha. Mwambie kijana wako aupakue mara moja kwenye programu ya muziki, kisha msikilize wote wawili kwa spika kubwa za hapo kazini. Nyinyi mna bahati ambayo wanafunzi hawana.

*Asalaam aleikum. Naandika kutoka Kondoa. Mwanangu wa kiume yuko kidato cha tano na anasikiliza wimbo wa bendi ya Black Sabbath ambao jina lake linasema kwamba Mungu amekufa. Nimemnyang'anya simu. Baba yake anasema nimezidi. Naomba unieleze wimbo huo una nini ndani yake.*

Waalaikumu salaam, mama. Wasiwasi wako ni wa haki, na sitakuambia uupuuze. Ninachokuomba ni kwamba, kabla ya kuamua, uliangalie jina lenyewe lilivyoandikwa. Linaitwa God Is Dead? na lina alama ya kuuliza mwishoni. Mtu anayeimbwa humo ni mtu aliyechanganyikiwa, anayetembea gizani huku akisikia wengine wakisema kwamba Mungu hayupo tena, na mwishoni anasema waziwazi kwamba yeye hasadiki kuwa Mungu amekufa. Maneno ya wimbo yaliandikwa na mpiga besi wa bendi, Geezer Butler, ambaye alilelewa katika familia ya Kikatoliki huko Birmingham, Uingereza. Sisemi kwamba ni kaswida. Ninasema kwamba wimbo huu unauliza swali, kisha unalijibu upande ambao wewe mwenyewe uko.

Kwa nini basi walichagua jina la kushtua namna hiyo? Hapa inabidi tuitazame hali yao. Singo hiyo ilitoka Aprili 2013, na ilitangulia albamu iliyoitwa 13, ambayo ilikuwa albamu yao ya kwanza ya studio pamoja na mwimbaji Ozzy Osbourne tangu mwaka 1978. Nyimbo mbili mpya walizoziweka kwenye albamu ya maonyesho mwaka 1998 hazikuwa zimekata kiu. Ulimwengu ulikuwa unajiuliza kama wazee hawa bado wana giza lile la miaka ya 1970, mwendo mzito wa taratibu na gitaa lililolegezwa nyuzi, au wamegeuka kuwa wazee wa kutabasamu kwenye televisheni. Prodyuza Rick Rubin aliwarudisha kwenye mtindo wa albamu zao za mwanzo, na wimbo uliochaguliwa kutangulia una urefu wa karibu dakika 9, unaanza polepole kama msafara, na kuongeza mwendo unapokaribia mwisho. Jina la kushtua lilikuwa sehemu ya jibu lao. Mwaka 2014 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy ya onyesho bora la muziki wa metali, yaani roki nzito, na albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo hawakuwahi kulipata huko tangu albamu ya Paranoid ya mwaka 1970.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa mwanao alijue, kwa kuwa vijana wengi hupenda sauti hii bila kujua ilitoka wapi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hii, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole vilivyoumia ni vile vya mkono wa kulia ambavyo hubana nyuzi. Alijitengenezea ncha bandia kwa kuyeyusha chupa ya plastiki, akatumia nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Ule mlio wa chini na mzito ambao leo unaigwa dunia nzima una deni kubwa kwa vidole hivyo. Wakati albamu ya 13 inatengenezwa alikuwa katika matibabu ya saratani ya tezi za limfu iliyogunduliwa mapema mwaka 2012, na ratiba ya kazi ilipangwa kufuata matibabu yake. Bendi hii ilifanya onyesho lake la mwisho mjini Birmingham tarehe 5 Julai 2025, na Osbourne akafariki tarehe 22 ya mwezi huohuo.

Kuhusu simu, hayo ni mamlaka yenu wawili nyumbani. Ushauri wangu ni kwamba mkae naye, mumwombe awatafsirie maneno yote ya wimbo kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kama hawezi, basi anasikiliza kitu asichokielewa, na hapo mtakuwa na mazungumzo ya aina nyingine.

*Naandika kutoka Manyoni. Nimeipenda Linkin Park tangu nikiwa sekondari. Chester Bennington alipofariki mwaka 2017 nilijua habari imekwisha. Mwaka 2024 wamerudi na mwimbaji mwanamke. Je, ni haki kuiita bendi ileile? AC/DC waliporudi mwaka 2020 walikuwa na mwimbaji wao, na hakuna aliyelalamika.*

Ndugu yangu, mfano wa AC/DC hauko mbali na wa Linkin Park kama unavyodhani. Ni kweli kwamba Brian Johnson alirudi kwenye kipaza sauti katika singo ya Shot in the Dark ya Oktoba 2020, baada ya kulazimika kuacha ziara ya mwaka 2016 kwa sababu madaktari walimwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa. Lakini aliyekosekana alikuwa Malcolm Young, mpiga gitaa la ridhimu na mwasisi wa bendi, ambaye alifariki Novemba 2017 baada ya kuugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Nafasi yake ilichukuliwa na mpwa wake, Stevie Young, na nyimbo zote za albamu ya Power Up zimeandikwa kwa majina ya Malcolm na mdogo wake Angus, kwa sababu zilijengwa juu ya vipande ambavyo ndugu hao wawili walivihifadhi tangu zamani. Yaani msingi wa nyumba ulikuwa umeondoka, ila kwa kuwa mpakaji rangi alikuwa yuleyule, wapita njia hawakugundua. Ukiusikiliza wimbo huo wa dakika 3 na kidogo, utasikia kwamba hawakujaribu hata kidogo kutushangaza. Gitaa mbili, mapigo manne yaliyonyooka, kiitikio cha kuimbwa na uwanja mzima. Kwangu mimi huo ni unyofu, kwani aliyemngoja AC/DC hakuwa anangoja kitu kipya.

Linkin Park hawakuwa na njia hiyo. Sauti ya Bennington ilikuwa ndiyo uso wa bendi, na hakuna namna ya kuificha pengo hilo nyuma ya gitaa. Tazama basi walivyoupanga wimbo wa The Emptiness Machine, uliotoka tarehe 5 Septemba 2024. Anayeanza kuimba ni Mike Shinoda, sauti ambayo umeizoea tangu sekondari. Anaimba beti la kwanza na kiitikio chake, unapumua, unajiona uko nyumbani, ndipo Emily Armstrong anapoingia katika beti la pili, kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa ule mkwaruzo wa kooni ambao wimbo ulikuwa unauandalia nafasi. Wangeweza kumtanguliza yeye sekunde ya kwanza, na nusu ya wasikilizaji wangezima. Mpangilio wa sauti ndani ya wimbo huo ni adabu ya mgeni kuingizwa ndani na mwenyeji. Naona ni kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko wimbo wenyewe ulivyo mzuri, kwa sababu, nikisema ukweli, kiitikio chake si katika bora walizowahi kutunga.

Kuhusu haki ya jina: wenye jina ni wao. Wewe una haki ya kutosikiliza. Ila angalia kwamba mpiga dramu wa zamani, Rob Bourdon, naye hakurejea, na nafasi yake imechukuliwa na Colin Brittain, nawe katika barua yako hukumtaja. Wapiga dramu hawana bahati katika marejeo haya. Hata katika ile albamu ya Black Sabbath niliyoieleza hapo juu, Bill Ward, mpiga dramu wa asili, alijiondoa akisema kwamba mkataba aliopewa haukuwa wa kutiwa saini, na dramu zikapigwa na Brad Wilk.

*Mimi ni mwalimu, Mpwapwa. Nisamehe kwa kuwa mkavu, lakini je, nyimbo hizi zote za kurejea si suala la pesa tu?*

Mara nyingi pesa imo, mwalimu, na si dhambi. Lakini mfano wa System of a Down unaharibu hesabu yako. Bendi hiyo ilitoa albamu mbili mwaka 2005, kisha ikakaa miaka 15 bila wimbo mpya, kwa kuwa wanachama wake walishindwa kukubaliana juu ya namna ya kufanya kazi. Vita vilipozuka Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azabajani, mwishoni mwa Septemba 2020, wote wanne, ambao wana asili ya Armenia, waliweka tofauti zao pembeni na kutoa nyimbo mbili, Protect the Land na Genocidal Humanoidz, tarehe 6 Novemba mwaka huohuo, mapato yakielekezwa kwenye mfuko wa misaada wa Armenia. Waliokisia kwamba albamu ingefuata walikosea. Zilikuwa nyimbo za dharura, na dharura haikuwafanya wapatane juu ya mambo mengine.

Mfano unaokufaa wewe ni Guns N' Roses. Mwimbaji Axl Rose, mpiga gitaa Slash na mpiga besi Duff McKagan walikutana tena jukwaani mwaka 2016 kwa ziara iliyoingiza fedha nyingi mno, na mashabiki wakangoja wimbo mpya kwa hamu. Ulipokuja, Agosti 2021, ulikuwa Absurd, ambao kimsingi ni wimbo wa zamani ulioitwa Silkworms, uliowahi kupigwa jukwaani mwaka 2001 wakati Slash na Duff hawamo kabisa. Wao waliongezewa juu yake. Mtu aliyetaka kujua kama watatu hawa bado wanaweza kutunga pamoja hakujibiwa, na mimi nilibaki na njaa yangu.

*Sisi ni bendi ya roki hapa Dodoma, tulikuwa watano, tulipiga magitaa pamoja na zeze na ilimba, kile kinanda cha vidole cha Wagogo. Tulisambaratika kabla ya korona. Sasa watatu tunarudi. Mwenzetu mmoja anataka tuanze na wimbo wetu wa zamani uliojulikana, tuurekodi upya. Mwingine anataka tuache zeze kwa kuwa roki nzito haichanganyiki na ngoma za Wagogo. Tufanye nini?*

Vijana wangu, barua yenu nimeifurahia kuliko zote, kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu.

Msianze na wimbo wa zamani. Sababu ni hiyo niliyompa mwalimu wa Mpwapwa: atakayewasikiliza anataka kujua nyinyi watatu mna nini leo, na wimbo wa zamani utamfanya ahesabu walioondoka. Urekodini baadaye, au upigeni jukwaani mwishoni.

Kuhusu zeze, huyo mwenzenu simwungi mkono hata kidogo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa kijiji cha Doma hapa Dodoma, alitoa mwaka 2002 albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na prodyuza kutoka Kanada, na gitaa la umeme halikuimeza sauti yake wala ilimba yake. Ichukueni ilimba muitazame kwa karibu. Kwenye kibao chake kuna tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotikisika na kuipa kila noti ule mvumo wa kukwaruza. Mafundi wa Kigogo waliutaka mkwaruzo kwa makusudi, kama vile mpiga gitaa wa roki anavyokanyaga pedali ili sauti yake ichafuke. Tatizo lenu halitakuwa mitindo kugombana, litakuwa la fundi mitambo: gitaa lenye mkwaruzo mwingi linajaza eneo lilelile la sauti ambalo ilimba inaishi. Lipunguzieni gitaa sauti za kati pale ilimba inapoongoza, na msizipige zote mbili kwa pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kama mwenzenu huyo anadhani kwamba roki si ya kwetu, mkumbusheni pia Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, ambayo rekodi zake za 1973 hadi 1976 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016 kwa jina la Ave Africa.

Wa kuwatazama kwa karibu ni jirani zetu WITCH wa Zambia. Hao walikuwa vinara wa roki ya Zambia, zamrock kama ilivyokuja kuitwa, katika miaka ambayo Rais Kenneth Kaunda alitaka redio zipige muziki wa nyumbani na shaba ilikuwa inalipa. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, kumbi na vyombo vikawa ghali, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, aliacha muziki, na kwa muda mrefu alikuwa mchimbaji wa vito. Albamu yao ya Kuomboka ilikuwa ya mwaka 1984. Iliyofuata, Zango, ilitoka mwaka 2023. Chanda hakujaribu kuwafufua waliofariki kwa kuwaajiri watu wa kuwaiga. Alimwita Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi za baadaye za bendi, akaongeza vijana wa Kiholanzi kwenye besi na dramu, na akamwalika Sampa the Great, mwimbaji wa kizazi cha wajukuu, mzaliwa wa Zambia. Ukisikiliza unajua mara moja kwamba ni watu wapya pamoja na mzee mmoja anayejua anachotaka. Nanyi mlio watatu msijifanye watano. Tungeni kwa mikono sita mliyonayo.

Mkiwa kwenye mazoezi, punguzeni amplifaya. Brian Johnson wa AC/DC amesema kwamba kilichomharibia masikio zaidi ni mbio za magari, lakini nyuzi na dramu katika chumba kidogo cha bati zinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, unaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 mna dakika 15 tu. Kuna programu za simu za kupimia; si sahihi sana, ila zitawatisha vya kutosha.

Kisha karatasi. Hao wawili walioondoka waliwahi kutunga nanyi, na chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mtunzi hapotezi haki yake kwa kuacha bendi. Andikeni nani alitunga nini, jina la bendi ni la nani, na mapato ya nyimbo za zamani yatagawanywa vipi, wote watano mtie saini, ndipo mwende kusajili kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bendi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Nimeona marejeo yakifia hapo, wimbo ukiwa umekwisha kurekodiwa na kupendeza. Wapigieni simu kabla hamjalipia hata saa moja ya studio.